KITI CHA AMANA: NANI AGAWAYE FEDHA ZA UTAFITI WA MARADHI YETU?



Usiku mmoja wa mwezi wa Januari 2025 tulikuwa barazani baada ya sala ya isha, na redio ikatoa habari ya maradhi ya Marburg yaliyozuka wilaya ya Biharamulo, mkoa wa Kagera. Mmoja wetu akauliza, "Biharamulo ndiko wapi?" Mwengine akamjibu, "Huko bara, mbali, njia ya kwendea Rwanda." Maneno yakaishia hapo, tukarudi kuzungumza bei ya mchele. Na mimi nilinyamaza pamoja na walionyamaza, na leo naandika kwa kuwa kimya kile kimenikaa rohoni.

Kwanza tuyajue yaliyotokea. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuwa huko Kagera wako watu wanaoshukiwa kuwa na Marburg, na wengi wao wamekwisha kufa. Wizara ya Afya ya Tanzania ikajibu kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, mkuu wa Shirika hilo, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika. Ulipotangazwa mwisho wa mlipuko, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu kumi: wawili waliothibitika kwa vipimo, na wanane waliohesabiwa kuwa yumkini ndiyo maradhi hayo yaliyowapata. Wote kumi walikufa. Na miaka miwili kabla yake, mwezi wa Machi 2023, maradhi haya haya yalikuwa yameingia mkoa huo huo, upande wa Bukoba, yakawapata watu tisa na kuwaua sita.

Sasa itazame ile tarehe 20 Januari kwa upande mwengine. Siku hiyo hiyo, huko Washington, rais mpya wa Marekani, Donald Trump, alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili itazamwe upya, na amri nyengine ya kuitoa nchi yake katika Shirika la Afya Duniani. Sisemi kuwa amri ile ndiyo iliyowaua watu wa Biharamulo; walikuwa wamekwisha kuanza kufa kabla yake. Nasema kuwa siku ile ile tuliyotangaza kuwa nyumba inaungua, mwenye ndoo alisema ndoo zake anazirejesha kwake. Mali ni yake, na mwenye mali hangoji ruhusa yetu. Lawama iko kwetu sisi, tuliokaa miaka yote hiyo hali tukijua kuwa ndoo si yetu, na hatukununua hata moja.

Huenda utaniuliza, ndugu msomaji: haya yana uhusiano gani na kiti cha amana niliyokitaja katika kichwa cha makala haya? Uhusiano ni huu. Kila chanjo, kila dawa na kila chandarua kilichokufikia nyumbani kwako kilianza kwa swali, na swali lile lilipelekwa mbele ya watu waliokaa mezani, wakaamua kuwa lastahili kulipiwa. Wenye fedha, ziwe za serikali au za wafadhili, hutoa tangazo. Wataalamu huandika maombi yao ya utafiti. Kila ombi hupewa watu wawili au watatu walisome na kulitia maksi. Kisha hukutana jopo la washauri, wakayapanga maombi yote kutoka la kwanza mpaka la mwisho, na pale fedha zinapomalizika hupigwa mstari. Aliye juu ya mstari hupewa. Aliye chini yake huambiwa ajaribu tena mwaka mwengine. Maradhi yaliyoko chini ya mstari hayangoji mwaka mwengine.

Watu wanaokaa kwenye meza hiyo hawapigiwi kura na wananchi, wala majina yao hayasomwi redioni. Lakini kalamu zao huwafikia watoto wasiozaliwa bado.

Je, nakuza mambo? Hebu tuutazame mfano wa jirani. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda ilitangaza kuwa imeingiliwa na Marburg. Waliougua walikuwa 66, na waliokufa 15. Wiki mbili hazikupita, chanjo ya majaribio ikawa imeanza kutolewa kwa watumishi wa afya. Wagonjwa waligunduliwa mapema, wakapata matunzo ya wagonjwa mahututi na dawa zilizokuwa bado zikijaribiwa. Chanjo ile haikupikwa kwa siku tisa. Ilikuwapo ghalani kwa kuwa miaka mingi nyuma watu fulani walikaa mezani, wakaulizwa kama inafaa kutoa fedha kwa maradhi yanayoua watu wachache tena wa mbali, nao wakasema ndiyo. Biharamulo haikuwa na sudi hiyo. Maradhi yalitambulikana pale watu walipokwisha kuzikwa. Sababu si moja, wala sitaki kumdhulumu mtu kwa kulinganisha milipuko miwili isiyofanana kwa kila hali. Lakini kumi katika kumi ni hesabu ambayo mwenye moyo haipiti hivi hivi.

Na tutazame mfano wa kheri ndani ya Kagera yenyewe. Wilaya ya Muleba imepakana na Biharamulo. Mbu wa huko walikuwa wamekwisha kuizoea dawa iliyotiwa katika vyandarua vya kawaida, hata mtu akilala ndani ya chandarua huku mbu hana habari. Kuanzia mwaka 2014 wataalamu wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza wakajaribu vyandarua vilivyoongezwa dawa ya pili yenye kuvunja ule ukaidi wa mbu, wakalinganisha katika maeneo 48. Watoto waliolala ndani ya vyandarua vipya walionekana na vimelea vya malaria kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipitisha, na tangu hapo vimetumika nchi nyingi za Afrika. Fedha za kazi ile zilitoka Uingereza. Wako watu huko waliokaa wakalisoma ombi lililotaja jina la Muleba, na wakaona Muleba si mbali. Tuwashukuru. Kisha tujiulize: kwa nini walikuwa wao, sisi hatukuwapo?

Tuje Ngara. Ngara imekaa pembeni kabisa, imepakana na Rwanda na Burundi. Mwezi wa Aprili 1994 ndiyo iliyopokea wakimbizi wapatao robo milioni kwa muda wa siku moja tu, waliovuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Watu wa Ngara waliyabeba hayo kwa niaba yetu sote. Leo wanabeba jengine. Kimelea cha malaria chenye alama ya kuikaidi dawa mseto, kilichokwisha kuonekana Rwanda, kimeonekana pia katika wilaya za Kagera zilizopakana nayo: Karagwe zaidi, na Kyerwa, na Ngara pia.

Wazee wenzangu wanaikumbuka klorokwini, ile iliyokuwa ikituwasha mwili usiku kucha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilianza kushindwa hapa Afrika Mashariki, na watoto wakaendelea kupewa miaka na miaka, mpaka 2001 Tanzania ikaiacha. Ni makaburi mangapi madogo yaliyochimbwa baina ya tarehe hizo mbili, Mungu ndiye ajuaye. Basi dawa mseto ikija kushindwa, haitashindwa Ngara peke yake. Kimelea hupanda basi pamoja na abiria, kikateremka Tanga, kikavuka bahari mpaka Pemba. Ndiyo maana yule aliyesema "mbali" barazani alikosea, na sisi tulionyamaza tulikosea zaidi.

Katika taarikh yetu liko jopo la namna hii, na kila aliyesoma sira analijua. Sayyidna Umar alitoka Madina kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa habari kuwa Sham imeingia tauni. Hakuamua peke yake. Akawaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakawa na kauli moja kuwa arejee na watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kuwa anakimbia kutoka kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Kisha ndipo alipokuja Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwa kuwa alikuwa na haja yake, akasema kuwa yeye ana elimu ya jambo hilo, na akawapa aliyoyasikia kwa Mtume juu ya tauni: msiingie katika nchi iliyomo, wala msitoke katika nchi iliyowakuta nayo.

Zingatia mambo matatu katika kisa hiki. Kiongozi aliuliza kabla ya kutenda. Washauri walisema kila mmoja aliyoyaona, hata kwa kukhitalifiana, wala hawakutazama uso wa mkubwa wao. Na mwenye elimu hasa alikuwa hayupo kikaoni. Alipokuja, alisimama akaitoa elimu yake, hakusema kuwa kikao kimekwisha. Ukivipima vikao vyetu vya leo kwa mizani hii, utaona tulipoharibikiwa.

Taksiri ya kwanza ni ya yule anayekaa kitini kwa ajili ya posho. Makabrasha ameletewa wiki tatu kabla. Ameyafungua ndani ya gari akienda kikaoni. Akiulizwa rai yake husema, "Naungana na msemaji aliyetangulia." Anakula chakula cha mchana, anatia sahihi, anakwenda zake. Mtu huyu hakuiba senti, na huenda kwao akasifiwa kuwa mtu mkubwa. Lakini ombi alilolipa maksi bila kulisoma huenda ndilo lililotaka kujua ni mapango gani ya Kagera wanamokaa popo wale wala matunda wanaobeba Marburg, na ni nani huingia humo, na kwa haja gani. Kunyamaza kwake ni khiyana, hata kama hakuna askari atakayemkamata.

Taksiri ya pili ni ya yule anayewapendelea watu wake. Ombi la mwanafunzi wake limefika mezani, au la chuo chake, au la mkwewe, naye hasemi. Dawa ya jambo hili ni nyepesi na inajulikana: mtu aseme mapema, "Hili linanigusa," atoke chumbani, lijadiliwe bila yeye. Mtume alimtuma mtu kukusanya sadaka, akarudi akasema haya ni yenu na haya nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake, tuone kama zawadi ingemfuata huko. Basi kila anayekaa kwenye jopo na ajiulize swali hilo. Safari ile ya nje, ile kazi ya ushauri, ule mwaliko wa hoteli, je, ungemfuata nyumbani kwa mama yake?

Taksiri ya tatu ni ya kutowaita wenyewe. Hukaa meza ya watu kumi na wawili, wote wa mijini, wakaamua juu ya Ngara, na miongoni mwao hayumo hata mmoja aliyewahi kulala Ngara usiku mmoja. Muuguzi wa zahanati ya mpakani, anayejua ni mwezi gani homa huzidi na ni duka gani linalouza nusu dozi, haitwi kwa kuwa hana shahada kubwa. Simkatai mwenye shahada. Kusoma maombi ya utafiti kwataka elimu ya fani, na asiyeijua atadanganywa na kila mwenye maneno mazuri. Nasema wakae pamoja. Sayyidna Umar aliita makundi matatu, na bado elimu ilikuwa kwa aliyekosekana.

Taksiri ya nne, ndugu msomaji, ni yetu wewe na mimi. Watu wa pwani si wageni wa utafiti. Chanjo ya malaria iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi wa Oktoba 2021 ilijaribiwa, miongoni mwa mahali pengine, Kilifi, Bagamoyo na Korogwe. Watoto wetu walitoa mikono yao ikachomwa sindano, mama zao wakakaa kwenye foleni, wakajibu masuali, wakarudi tena na tena. Mikono tulitoa. Lakini tulipoulizwa tutoe vichwa, tulitoa vingapi? Kijana akitaka kusoma sayansi ya maradhi twamuuliza ataoa lini, na binti akitaka twamwambia atachelewa kuolewa. Kisha tukiona mezani hakuna mtu wa kwetu twasema tumebaguliwa. Huenda tumebaguliwa, sikatai. Lakini na sisi kwa mikono yetu tumesaidia.

Najua majibu yatakayotolewa, na nitayakabili moja moja.

Watasema, "Ajali ni ya Mungu, Marburg ikija imekuja." Tumekwisha kuona Sayyidna Umar alivyojibu, naye aliijua kadari kuliko sisi.

Watasema, "Nchi masikini haiwezi kugharamia utafiti." Nani aliyeitaka itoe isichokuwa nacho? Viongozi wa Afrika wenyewe walikutana Abuja mwezi wa Aprili 2001 wakaahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti zao. Mwaka 2008 huko Bamako ukatolewa wito kuwa asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya iende kwenye utafiti. Ahadi ni deni. Tanzania ina taasisi yake ya utafiti wa maradhi, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, nayo Kenya ina KEMRI ya mwaka huo huo. Ina pia COSTECH, ya sheria ya 1986, na mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia. Vyombo tunavyo. Kinachotakiwa ni kutiwa kitu ndani yake, na kulindwa kisitoke ovyo.

Na watasema, "Wafadhili wapo, akiondoka huyu atakuja yule." Jibu la maneno haya ni tarehe 20 Januari 2025. Atakayekuja atakuja na swali lake. Anayelipa ndiye anayechagua, na Marburg ni ushahidi. Maradhi yale yaliitwa kwa jina la mji wa Ujerumani kwa kuwa mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara huko, na Frankfurt, na Belgrade, waliambukizwa na kima walioletwa kutoka Uganda. Wakaugua watu 31, wakafa 7. Tangu siku hiyo mpaka yalipofika Biharamulo imepita miaka zaidi ya 57, na hakukuwa na chanjo wala dawa yake hata moja iliyokwisha kupata idhini kamili. Lau yangelirudi Ujerumani kila baada ya miaka miwili, wadhani ingelikuwa hivi?

Sasa tufanye nini?

Wewe mtaalamu uliyeitwa kwenye jopo, usikatae kwa kiburi wala usikubali kwa tamaa. Nabii Yusuf aliomba awekwe juu ya ghala za Misri, na sifa mbili alizozitaja nafsini mwake zilikuwa kulinda na kujua. Ukiwa nazo zote mbili, kaa. Ukikosa moja, mwachie mwenzio. Ukikaa, soma kila karatasi. Linalokugusa lisimamie kando. Uliza kila mara: katika ombi hili, mtu wa Ngara ameulizwa nini? Na matokeo yatarudi Biharamulo kwa Kiswahili, au yatabaki katika majarida ya Kiingereza ambayo hata daktari wa wilaya hayaoni?

Wewe mwenye nyumba, wakija watafiti kubisha hodi, usiwafukuze wala usiwakubalie kwa sabuni na sukari. Wakaribishe, kisha uliza: nani amelipa? Mnataka kujua nini? Jibu mtaniletea lini? Hayo ni haki yako, na mtafiti mwema hufurahi kuulizwa. Na binti yako akifaulu sayansi, mwache aende mbele.

Na nyinyi wenye mali, nina neno moja la mwisho. Watu wa pwani twajua kuweka wakfu. Tumeweka minazi kwa misikiti, nyumba kwa madrasa, visima kwa wapita njia. Katika karne ya 13 Sultan Qalawun alijenga Cairo hospitali kubwa iliyoendeshwa kwa wakfu, ikimtibu tajiri na masikini. Je, hatuwezi kuweka wakfu, hata wa maduka mawili, ambao kodi yake italipa ada ya kijana mmoja kusoma sayansi ya maradhi, au italipia swali moja kila mwaka litakalochaguliwa na sisi wenyewe? Ni kidogo, najua. Lakini siku ya kikao tutakuwa na haki ya kusema, kwa kuwa tumetia chetu.

Watu kumi wa Biharamulo wamekwenda kwa Mola wao. Hatukuwajua majina, wala hawakutujua. Naogopa kuulizwa kesho: ilipotangazwa habari yao, mlifanya nini? Nami sitaki jibu langu liwe kwamba tulizungumza bei ya mchele.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitekeleza amana, na awalinde watu wa Ngara na Biharamulo pamoja na watoto wetu. Amin.